Fundi, Mwanagenzi na Mkataba: Haki ya Kijana Anayejifunza Kazi

Hotuba kwa viongozi wa walei katika semina ya Tume ya Haki na Amani



Tumeombwa tuzungumze juu ya vijana na kazi. Mara nyingi mada hii hufunguliwa kwa malalamiko: vijana wa siku hizi ni wavivu, wanapenda vijiwe, wanataka mali bila jasho. Leo hatutaanza hapo. Tutaanza na shauri moja lililoletwa mbele ya Tume yetu, kwa sababu shauri hilo lilitufundisha mengi kuliko semina nyingi tulizohudhuria. Majina ya wahusika hatutayataja.

Kijana mmoja alimaliza darasa la saba. Baba yake akampeleka kwa fundi seremala, jirani yao na muumini mwenzao. Walielewana kwa mdomo, chini ya mwembe, kwamba kijana atafundishwa kazi. Mwaka wa kwanza alifagia maranda, akachota maji na kubeba mbao. Mwaka wa pili alipiga msasa na kushika msumeno. Mwaka wa tatu alikuwa akitengeneza vitanda na milango peke yake, na fundi akiviuza. Mwaka wa nne alikuwa angali akipewa chakula cha mchana na fedha kidogo ya sabuni. Kila alipouliza atahitimu lini, alijibiwa, "Bado hujaiva." Siku moja aliondoka alfajiri akiwa na randa moja, patasi mbili na msumeno. Fundi akaenda polisi. Kijana alilala mahabusu siku tatu, na mama yake akaja parokiani akilia.

Tuliwaita wote. Fundi akasema, "Nimemlisha miaka minne. Mbao alizoniharibia sizihesabu. Leo malipo yangu ni kuibiwa." Kijana akasema, "Vitanda nilivyotengeneza nilivihesabu mpaka nikaacha. Bila vifaa, miaka yangu minne ni bure." Baba akaapa kwamba walikubaliana miaka miwili. Fundi naye akaapa kwamba walikubaliana mpaka kijana aive. Tuliwasikiliza kutwa nzima, na jioni tukatambua jambo la kusikitisha: hakuna kati yao aliyekuwa akisema uongo. Kila mmoja aliyakumbuka maneno yaliyomfaa. Hapakuwa na karatasi hata moja ya kuwaamua.

Vifaa vilirudishwa, fundi akafuta mashtaka, kijana akatoka. Tulifikiri tumeleta amani. Lakini kijana hakuushika tena msumeno. Leo anabeba mizigo sokoni. Miaka minne ya ujuzi imezikwa, na familia mbili za jumuiya moja hazipeani mkono wa amani kanisani. Hayo, ndugu, ndiyo yaliyotuleta hapa.

Vijana wa VIWAWA wanaujua utaratibu wa kuona, kupima na kutenda, ambao Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi wa nchi yake, na ambao Papa Yohane wa XXIII aliupendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961, Mater et Magistra. Nasi tufuate njia hiyo.

I. KUONA

Tujiulize kwanza: vijana wetu hujifunza kazi wapi? Tunavyo vyuo. Mwaka 1973 lilianzishwa shirika la viwanda vidogo, SIDO. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Kanisa lina vyuo vyake katika majimbo mengi. Sera ya elimu ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari. Hayo yote ni mema, na tunayashukuru.

Lakini tutembee barabarani tutazame. Kijana anayelala chini ya gari gerejini, msichana anayesuka nywele kibarazani, yule anayechomelea mageti bila miwani, anayeshona nje ya duka la vitambaa: wengi wao hawakupita chuoni. Walifundishwa miguuni pa fundi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 katika nchi yetu, na kama theluthi moja yao ni vijana wa kati ya miaka 15 na 35. Hakuna vyuo vya kuwatosha wote. Chuo kikubwa kuliko vyote nchini ni vibanda vya mafundi. Chuo hicho hakina mkuu wala muhula, na tarehe ya kuhitimu haijulikani.

Tusivibeze vibanda hivyo. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walifanya uchunguzi katika nchi jirani ya Kenya. Waliandika kwamba watu wanaofanya kazi katika vibanda bila leseni, ambao wakuu wa miji waliwafukuza kila siku, hawakuwa wazururaji. Walikuwa wazalishaji waliotumia akili na vitu vya mahali pao. Wakenya wenyewe huwaita mafundi hao jua kali. Basi tatizo letu si kwamba vijana wanajifunza kibandani. Tatizo ni kwamba wanajifunza bila ulinzi wa haki, na mara nyingi wanafundishwa nusu ya kazi.

Nusu ile nyingine ni biashara, na hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikusanya michango, tukanunua vyerehani vitano kwa kikundi cha wasichana. Tulipiga picha na kuvibariki. Baada ya miaka miwili vyerehani vitatu vilikuwa vimeuzwa, na viwili vilikuwa vimefunikwa kwa kanga nyumbani kwa mwenyekiti. Tulisema wasichana wale hawakuwa na bidii. Haikuwa kweli. Walijua kukata na kushona. Hatukuwafundisha wapi pa kununua kitambaa kwa bei ya jumla, namna ya kupanga bei, wala namna ya kumkatalia shangazi anayetaka gauni la Krismasi kwa mkopo. Hatukuwauliza wateja wao wangekuwa akina nani, ilhali mtaa mzima huvaa mitumba. Wala hatukuwauliza wasichana wenyewe walitaka kazi gani. Tulidhani kwamba msichana ni cherehani tu, wakati mmoja wao alikuwa akitamani ufundi umeme.

Tuchukue mfano wa hesabu ambayo vijana wetu hawafundishwi. Seremala kijana anatengeneza kabati. Mbao zimegharimu shilingi 60,000. Misumari, gundi, msasa na vanishi, 9,000. Mkokoteni wa kuleta mbao, 6,000. Pango la banda na umeme kwa siku tatu, 6,000. Jumla ni 81,000. Analiuza kabati kwa 90,000, anafurahi kwamba amepata 90,000, na jioni ananunua nyama. Kwa kweli amepata 9,000 kwa siku tatu, yaani 3,000 kwa siku, na hapo hajahesabu randa yake inayochakaa. Baada ya miezi sita hana mtaji, naye anaamini amerogwa. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hajarogwa, hana daftari.

II. KUPIMA

Sasa tuyapime tuliyoyaona kwa imani yetu na kwa mapokeo yetu.

Injili inatuambia kwamba watu wa Nazareti walimjua Bwana wetu kuwa seremala. Mtume Paulo alishona mahema pale Korintho pamoja na Akila na Prisila, ili asiwe mzigo kwa mtu. Papa Leo wa XIII mwaka 1891 alitetea ujira wa haki kwa mfanyakazi. Papa Yohane Paulo wa II, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu hutangulia mali, na kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na yule anayeifanya. Ikiwa ni hivyo, kijana anayejifunza kazi hawezi kuhesabiwa kama sehemu ya vifaa vya banda. Ni mtu, na muda wake ni sehemu ya uhai wake.

Wako watakaosema kwamba mikataba ni mambo ya ofisini, hayatuhusu watu wa jua. Tuwakumbushe habari ya Mtakatifu Yohane Bosco. Katika mji wa Torino, Italia, vijana maskini walitoka mashambani kutafuta kazi, na mabwana wakawatumia kama punda. Don Bosco hakuishia kuwahurumia na kuwapa mkate. Mwezi Februari 1852 alisimamia mkataba wa maandishi kati ya fundi seremala na kijana mwanagenzi, naye akatia sahihi yake. Mkataba huo umehifadhiwa hadi leo. Ulimtaka fundi amfundishe kijana kazi, amrekebishe kwa maneno wala si kwa kipigo, asimpe kazi zilizo nje ya ufundi wake, amwachie siku za sikukuu, ampe siku 15 za mapumziko kila mwaka, na amlipe ujira unaoongezeka mwaka hadi mwaka. Leo watoto wake wa kiroho wana vyuo vya ufundi hapa kwetu, Dodoma na Iringa. Lakini ni vizuri tukumbuke kwamba kabla ya vyuo vikubwa kulikuwa na karatasi moja yenye sahihi.

Mwenye heri Adolph Kolping wa Ujerumani alikuwa fundi viatu kabla ya kuwa padre. Aliyajua maisha ya kibanda kwa mwili wake mwenyewe, na mwaka 1849 aliunda chama cha mafundi vijana katika mji wa Köln, wapate makao, elimu na heshima. Jumuiya za Kolping zipo hadi leo, hata kwetu Kagera.

Wala si lazima twende Ulaya. Wazee wa Mwambao walikuwa na desturi ya kilemba. Kijana alipomaliza kujifunza kazi, wazazi wake walimpelekea fundi kilemba, au fedha ya kilemba, kuwa shukrani na alama kwamba mafunzo yamekwisha. Hapo hakuna aliyeweza kusema "bado hujaiva", maana mtaa mzima ulishuhudia. Sisi tumeiacha desturi na hatujaandika mkataba. Tumebaki katikati, na hapo katikati ndipo dhuluma inapoota.

Tupime jambo jingine. Nchini Kenya mwaka 1966, Baraza la Wakristo lilitoa taarifa yenye swali kwa jina lake: baada ya shule, nini? Kutokana na swali hilo makanisa yalianzisha vyuo vidogo vya vijijini. Majengo yalikuwa ya kawaida na gharama ndogo. Kazi zilizofundishwa zilikuwa zile ambazo watu wa kijiji kile walizihitaji na kuzilipia. Baadaye Serikali ilivisaidia, majengo yakaongezeka, mitihani ya kitaifa ikaingia, na vyuo vingi vikaanza kufundisha kwa ajili ya cheti kuliko kwa ajili ya soko la mahali. Hatusemi cheti ni kibaya. Tutakitetea hivi punde. Tunasema kwamba swali la kwanza linapaswa kubaki lile lile: hapa petu, nani atanunua kazi ya mikono ya kijana huyu?

Haki pia ina pande mbili. Fundi naye ana haki. Anatoa muda wake, anahatarisha mbao zake, na mara nyingi anamfundisha mtu ambaye kesho atafungua banda mkabala na lake. Tukimtetea kijana kwa kumdhulumu fundi, mafundi watafunga milango, na watakaoumia ni vijana. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Asiye mwana wa mhunzi hana hata mvukuto wa kushika, asipopokewa na mwenye nao.

III. KUTENDA

Ndugu viongozi, tunapendekeza mambo sita. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza ni mkataba wa uanagenzi. Uandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, nakala tatu: ya fundi, ya mzazi na kijana, na ya jumuiya. Useme mafunzo ni ya muda gani. Kijana atafundishwa nini katika kila mwaka. Atapata nini, chakula, nauli au posho, na posho itaongezeka lini. Saa za kazi na siku ya kupumzika. Nani atagharimia akiumia. Hasara ya kutojua itabebwa na nani, na hasara ya makusudi na nani. Na wakikosana watamwendea nani kabla ya kwenda polisi. Useme pia siku ya mwisho. Siku hiyo iwe na kilemba chake, mbele ya jumuiya. Kumbukeni kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inakataza kumweka aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari. Mkataba wetu usiwe kichaka cha kuficha utumikishwaji wa watoto.

La pili ni daftari. Kila kijana aliye chini ya mkataba ahudhurie, jioni moja kwa juma, darasa la hesabu za biashara katika ukumbi wa parokia. Tunao walimu wastaafu, makarani na wenye maduka; wajitolee. Wafundishe mambo manne: kupata gharama kamili ya kitu, kupanga bei, kutenga fedha ya biashara na fedha ya nyumbani, na kuandika madeni. Kabati lile la shilingi 90,000, likihesabiwa pamoja na kazi ya siku tatu na uchakavu wa vifaa, lingetakiwa kuuzwa si chini ya 115,000. Kijana akilijua hilo, ama atapandisha bei, ama atatafuta mbao kwa bei nafuu, ama atatengeneza kitu kingine. Hatafanya kazi gizani.

La tatu ni vifaa. Kijana wa shauri letu alichukua randa kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kuipata. Tangu mwezi wa kwanza wa mkataba, wazazi na kijana waweke akiba ndogo, na fundi akubali kutenga sehemu ya posho, ili siku ya kilemba kijana atoke na sanduku lake la vifaa. Vikundi vya kuweka na kukopa vya jumuiya vinaweza kuitunza akiba hiyo.

La nne ni kutambuliwa. VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi nje ya chuo na kumpa cheti kwa ujuzi alio nao. Wengi wetu hatukuujua. Viongozi waende katika ofisi ya VETA iliyo karibu, waulize masharti na gharama, wawarudishie vijana majibu. Kwa cheti hicho, fundi wa kibandani anaweza kuomba kazi au zabuni ambayo jana isingemfikia.

La tano ni mtaji. Sheria, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Ni haki, si hisani ya diwani. Lakini tunawasihi: kijana asiye na daftari asikimbilie mkopo. Mkopo juu ya biashara isiyojua gharama zake ni jiwe shingoni.

La sita linatuhusu sisi wenyewe. Parokia hujenga, hununua madawati, hushona sare za kwaya. Je, tunawalipa mafundi wetu kwa wakati? Tunajua jibu, na linatuaibisha. Yuko fundi aliyetutengenezea mabenchi akalipwa baada ya miezi saba, naye katika miezi hiyo hakuweza kuwapa wanagenzi wake hata nauli. Kuanzia sasa tunaiomba Kamati ya Ujenzi iwape kazi kwanza mafundi wenye mikataba na wanagenzi wao, na iwalipe siku kazi inapopokelewa. Hatuwezi kuhubiri haki ya kazi mimbarini huku deni la seremala likiwa sakristiani.

Tuseme neno moja juu ya mabinti zetu. Msichana anayejifunza kazi katika banda la wanaume, au hata saluni, yumo katika hatari ambazo kaka yake hazijui. Mkataba wake utaje mama mmoja wa WAWATA atakayemtembelea kila mwezi, si kumpeleleza yeye, bali kumwonyesha fundi kwamba binti huyu ana watu. Na aulizwe anataka kazi gani kabla hatujamchagulia.

Ndugu wapendwa, mwaka uliofuata baada ya shauri lile, yule fundi seremala alikuja ofisini kwetu. Alikuwa na kijana mwingine na baba wa kijana huyo. Akasema, "Niandikieni. Sitaki tena kukumbuka peke yangu." Tuliandika, wakatia sahihi, aliyeshindwa kuandika akaweka dole gumba. Muda wa miaka mitatu uliisha, na kilemba kililiwa kwa wali na maharage. Tunamshukuru Mungu. Lakini hatuwezi kusahau kwamba yuko kijana wa kwanza, anayebeba mizigo sokoni, ambaye karatasi hiyo ilichelewa kumfikia. Tumemwendea mara mbili, hajakubali kurudi. Tutamwendea mara ya tatu. Ninyi nanyi, katika jumuiya zenu, msingoje mama aje akilia.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, vijana wangapi wanajifunza kazi kwa mafundi? Wangapi wanajua siku yao ya kuhitimu?

2. Mafundi walio kati yetu wanaogopa nini juu ya mkataba? Tufanye nini ili nao walindwe?

3. Ni kazi zipi ambazo watu wa mtaa wetu huzilipia nje ya mtaa kwa kukosa mtu wa kuzifanya hapa?

4. Nani kati yetu anaweza kufundisha hesabu za biashara jioni moja kwa juma? Aanze lini?